Maziwa ya Mgiriki na Mfuko wa Msumarini

Barua iliyonisukuma kuandika safu ya leo imetoka Tanga. Ni kurasa mbili za daftari la shule, zimeandikwa mbele na nyuma kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa zamani kulaza herufi upande mmoja. Mwandishi wake ni mama wa makamo. Jina lake silitaji, kwa kuwa mambo aliyoyaeleza ni ya nyumbani kwake, naye aliniomba msaada, hakuomba kutangazwa gazetini.

Marehemu baba yake, anasema, alikuwa mpishi katika nyumba ya Mgiriki mmoja aliyemiliki shamba la mkonge. Wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba Wagiriki walikuwa miongoni mwa wageni waliolima mkonge kwa wingi katika Tanganyika, na kwamba mashamba mengi ya zao hilo yalitaifishwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha. Tajiri akafunga mizigo akarudi kwao. Mpishi naye akarudi kijijini kulima. Lakini hakurudi mikono mitupu. Alirudi na kitoweo kimoja ambacho watoto wake walikipa jina la "maziwa ya Mgiriki": mtindi mweupe, mzito kiasi cha kusimamisha kijiko, uliochanganywa na matango na kitunguu saumu. Aliutengeneza siku za sikukuu, nao waliula kwa mishkaki na mihogo ya kuchoma.

Sasa baba hayupo. Mama yake mzazi amepita umri wa miaka 80, meno yamemwishia na hamu ya chakula imempungua. Kila akiulizwa ale nini, anataja kitu kimoja tu, yale maziwa. Binti amejaribu mara nne. Mara zote nne bakuli limegeuka maji kabla halijafika mkekani. Mama huonja kijiko kimoja, humshukuru, kisha hukiweka kijiko chini. "Anashukuru," ameandika dada yetu, "na huko kushukuru kwake ndiko kunakoniuma."

Ndugu msomaji, nilipoisoma barua hiyo ofisini niliona kwamba jambo lenyewe ni jepesi. Mtindi, matango, kitunguu saumu: kuna nini hapo cha kumshinda mtu? Jioni nikapitia dukani, nikanunua pakiti ya mtindi, nikapita gengeni kuchukua matango mawili, na nyumbani nikayakwaruza, nikayachanganya, nikatia chumvi. Kwa muda wa dakika kama kumi hivi kitu hicho kilipendeza macho. Nilipomaliza kukaanga samaki na kurudi mezani, nilikuta uji mwembamba wa rangi ya chokaa, vipande vya tango vikielea juu yake. Mwenzangu mmoja wa dawati la michezo, aliyekuwa mgeni wetu siku hiyo, aliuliza kwa adabu kama ni kinywaji.

Kwa hiyo nikairudia barua. Katika kuisoma mara ya tatu ndipo nilipoyaona maneno ambayo dada yetu aliyaandika kama kumbukumbu tu ya utoto, pasipo kujua kwamba ndani yake mna jibu analolitafuta. Amesema kwamba usiku wa kuamkia sikukuu baba yake alikuwa akitundika mfuko mweupe kwenye msumari uliokuwa katika nguzo ya jikoni, na chini yake aliweka bakuli. Watoto walikatazwa kuugusa. Walilala wakiusikia ukidondosha maji, tone baada ya tone. Msumari huo, ameongeza, upo hadi leo. Yeye hutundikia chujio la chai.

Mfuko ule ndio uliokuwa ukikosekana.

Kitoweo hiki Wagiriki wanakiita tzatziki. Jina lenyewe wamelitwaa kwa Waturuki, ambao chao wanakiita cacık, na si ajabu, maana mataifa hayo mawili yamekaa jirani na kutawaliana kwa karne nyingi. Hata baada ya vita vya mwaka 1919 hadi 1922, nchi hizo zilipokubaliana mwaka 1923 kubadilishana watu, Wakristo zaidi ya milioni 1 waliokuwa wakiishi Uturuki walihamia Ugiriki na vyakula vyao pamoja nao. Lakini cha Kituruki aghalabu ni chepesi; wengine hukizimua kwa maji kwa makusudi, wakakinywa kwa kijiko kama supu baridi wakati wa joto. Bulgaria nako wana supu ya namna hiyo inayoitwa tarator, ambayo hutiwa na karanga za mti uitwao jozi. Iran wana mtindi wao wa matango, na Wahindi wana raita, ambayo msomaji yeyote aliyepata kula biriani Dar es Salaam, Mombasa au Unguja anaijua. Kwa maneno mengine, siku ile nilipomkosea mwenzangu wa michezo sikuwa nimeharibu chakula. Nilikuwa nimekosea nchi.

Kile cha Kigiriki kinatofautiana na ndugu zake hao kwa jambo moja hasa: uzito. Wagiriki hawautumii mtindi kama ulivyotoka chunguni. Huuchuja kwanza mpaka maji yake yatoke. Mtindi uliochujwa hivyo wana jina lake, na mojawapo ya majina hayo, likitafsiriwa kwa Kiswahili, ni "mtindi wa mfuko". Mpishi yule wa shamba la mkonge alikuwa akifanya vile vile kama wanavyofanya akina mama wa vijiji vya huko, ila kwamba wao kwa desturi hutumia maziwa ya kondoo na mbuzi, yenye mafuta mengi, na yeye bila shaka alitumia ya ng'ombe.

Basi na tuanze na maziwa. Mwenye uwezo wa kupata mtindi mzuri dukani aweza kuruka sehemu hii, lakini asome kwanza maandishi ya kwenye kopo. Mtindi uliotiwa sukari, vanila au ladha ya matunda haufai, na hilo halihitaji maelezo. Ule uliotiwa wanga au jelatini ili uonekane mzito nao haufai, na hapo wengi hudanganyika: wanga huo hushikilia maji, hivyo ukiutundika usiku kucha utakuta bakuli lina matone machache tu, na asubuhi mtindi wako haukusogea.

Anayetaka kutengeneza mwenyewe atwae lita 2 za maziwa halisi, yasiyoondolewa mafuta. Ayachemshe. Nasisitiza neno hilo kwa sababu najua ziko nyumba ambazo maziwa ya kugandisha hayapiti motoni, nayo huwekwa tu mahali pa joto yakajigandia. Maziwa mabichi yaweza kubeba ugonjwa wa brusela, ambao kwa ng'ombe huleta kutupa mimba, na kwa binadamu huleta homa ya kupanda na kushuka na maumivu ya viungo yanayodumu miezi. Yaweza pia kubeba kifua kikuu cha ng'ombe. Uchachu wa mtindi hauviui vijidudu hivyo kwa uhakika. Kwa mzee wa miaka 80, au kwa mama mjamzito, jambo hili si la kubahatisha.

Moto una faida nyingine tena. Maziwa yakikaa katika joto la juu, karibu na kuchemka, kwa dakika kumi hivi, huku ukiyakoroga yasishike chini, protini zake fulani hubadilika umbo na kushikamana, na mtindi utakaotokea utakuwa mzito kuliko wa maziwa yaliyopashwa moto kidogo tu.

Kisha uyaache yapoe mpaka kuwa vuguvugu. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 43 hivi za Selsiasi. Asiye nacho atumbukize kidole cha mwisho kilichooshwa vizuri: kama anaweza kuhesabu mpaka kumi, joto likimchoma kidogo lakini bila kumlazimisha kukitoa, basi hapo ndipo. Yakiwa ya moto kupita hapo, mbegu itakufa. Yakiwa ya baridi, italala. Mbegu ninayoisema ni mtindi wenyewe, vijiko viwili vya chakula kwa kila lita moja, mtindi ambao haukutiwa chochote. Ndani yake mna bakteria wa aina mbili wanaopenda joto, na mmoja wao alitambuliwa mwaka 1905 mjini Geneva na mwanafunzi wa utabibu kutoka Bulgaria, Stamen Grigorov, katika mtindi wa kwao. Uukoroge mtindi huo kwanza katika kikombe cha maziwa yale ya vuguvugu, halafu uumimine kote. Funika sufuria, ulizungushie blanketi au kanga mbili tatu nzito, ulisogeze pembeni pasipo na upepo, na usilifunue kwa muda wa saa sita hadi nane. Tafadhali usilifunue. Nimewaona watu wazima, nami nimo, wakilitikisa sufuria kila baada ya nusu saa ili kuona kama linaganda.

Wapo watakaouliza kama mtindi wetu wa kawaida, ule unaogandishwa kwenye chungu au kibuyu pasipo blanketi, unafaa. Unafaa, ila tabia zake ni nyingine. Bakteria wake ni wa aina nyingine, wanafanya kazi katika joto la kawaida la nyumba, na mgando wake huvunjika mabonge mabonge. Ukiuchuja utapata kitu kikavu kidogo chenye chembechembe, na uchachu wake ni mkali zaidi. Uupige kwa mwiko mpaka ulainike, na siki uipunguze. Ule wa kibuyu kilichofukizwa una ladha ya moshi, nayo haifichiki. Mimi binafsi ladha hiyo naipenda, lakini sidhani kama ndiyo anayoikumbuka yule bibi wa Tanga.

Sasa tumefika kwenye msumari. Chukua kitambaa safi cha pamba, chepesi: shashi iliyokunjwa mara mbili, au kipande cha shuka kuukuu jeupe kilichochemshwa. Kisiwe kimefuliwa kwa sabuni yenye manukato, la sivyo utakula manukato. Kitandaze ndani ya bakuli, mimina mtindi uliokwisha kupoa, kusanya pembe nne, ufunge kwa kamba, utundike, na chini uweke chombo. Maji yatakayotoka ni ya rangi ya kijani hafifu iliyochanganyika na manjano. Yakitoka meupe kama maziwa, kitambaa chako kina matundu makubwa, ukunje tena. Usiukamue mfuko kwa mikono kwa kutaka kuharakisha. Ukiukamua, mtindi wenyewe utapenya kitambaani na utabaki na nusu.

Kwa muda gani? Hapa ndipo hali ya hewa yetu inapotofautiana na ya milima ya Ugiriki. Mtindi unaoning'inia jikoni pwani, katika joto la nyuzi 30, unaendelea kuchacha saa zote hizo unapodondosha. Mwenye jokofu na aufunge mfuko kwenye mwiko uliolazwa juu ya sufuria refu, aliingize lote ndani ya jokofu, aliache usiku kucha. Asiye na jokofu aanze jioni, saa mbili au tatu, jua likiwa limekwisha poa, mahali penye hewa na pasipo nzi, na aridhike na saa nne au tano. Utakuwa umetoka maji ya kutosha. Nadhani marehemu mpishi aliuacha mpaka alfajiri kwa sababu nyumba za vijijini hupoa usiku kuliko hizi zetu za mabati na saruji.

Asubuhi, kutoka katika lita zile 2, utakuta kiasi kinachokaribia nusu yake tu, kitu kama jibini laini. Wengi huhuzunika wakiona jinsi kilivyopungua. Lakini yale maji ya bakulini usiyamwage. Yana sukari ya maziwa, madini na protini kidogo. Ukandie unga wa chapati au uyatie katika uji wa watoto. Nilikandia mandazi kwa maji hayo, nayo yalitoka yenye uchachu mdogo wa kupendeza, ingawa wa nyumbani kwangu walidai kwamba unga ulikuwa umechacha. Hawakuacha hata moja.

Tumeyashughulikia maji ya mtindi. Yamebaki ya tango, na haya ndiyo ya hila zaidi, kwa sababu hayaonekani. Tango kwa uzito wake ni maji matupu, karibu sehemu 95 katika kila 100. Likiwa zima, maji hayo yamefungwa ndani ya chembe zake na halidondoshi hata tone. Likikwaruzwa na kukutana na chumvi, chumvi huyavuta maji yatoke nje. Mtu akikwaruza tango na kulitia moja kwa moja katika mtindi, kisha akatia chumvi, kazi hiyo ya kuvuta inafanyika ndani ya bakuli la chakula. Ndivyo nilivyofanya mimi, na kwa maelezo ya barua ndivyo alivyofanya dada yetu mara zote nne. Inafaa kazi hiyo ifanyike kabla, katika bakuli jingine.

Kwa nusu kilo ya mtindi uliochujwa chagua tango moja kubwa au mawili madogo, machanga, yenye ngozi ya kijani na magumu kwa kushikwa. Kata ncha zote mbili na uonje. Kama ni chungu, chukua jingine, maana uchungu wa tango hauondoki kwa siki wala kwa mafuta. Lipasue kwa urefu, kwangua mbegu kwa kijiko, hasa kwa matango yetu makubwa ambayo katikati yake ni mbegu na ute. Ganda laini laweza kuachwa, na Wagiriki wengine huliacha kwa ajili ya rangi, gumu limenywe. Kisha likwaruze kwenye kile kibati chenye matundu tunachokwaruzia karoti, upande wa matundu makubwa. Nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha chumvi, changanya, weka kwenye chujio, ukafanye kazi nyingine kwa nusu saa.

Ukirudi utakuta maji. Hayo ni mwanzo tu. Sasa lifunge tango katika kitambaa na ulikamue kwa nguvu zako zote, zungusha kitambaa, kamua tena. Mtindi nilisema usikamuliwe. Tango usilionee huruma. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza nilipata zaidi ya robo kikombe ya maji kutoka katika tango moja, na kilichobaki kitambaani kilienea katika kiganja. Nilielewa basi kwamba ile robo kikombe ndiyo niliyompa mgeni wangu kunywa.

Kitunguu saumu kinataka busara. Punje mbili za kadiri zinatosha kwa nusu kilo ya mtindi. Zitwange kinuni pamoja na punje chache za chumvi mpaka ziwe kama lahamu. Vipande vilivyokatwakatwa kwa kisu huacha mtu mmoja akitafuna kitunguu na mwingine akikosa. Lahamu hiyo uiloweke katika kijiko kimoja cha chakula cha siki au maji ya ndimu kwa dakika chache ili ukali wake upungue. Kumbuka pia kwamba kitunguu saumu kibichi huendelea kukua nguvu ndani ya mtindi. Ukionja mara tu baada ya kuchanganya ukaona hakitoshi, usiongeze. Onja tena baada ya saa mbili.

Mafuta ni ya zeituni, vijiko viwili vya chakula. Najua bei yake. Watu wa Ugiriki wana mizeituni mpaka kwenye miteremko ya mawe na kwao si anasa, lakini kwetu chupa ndogo ni pesa ya kitoweo cha siku kadhaa. Asiyeweza kuyapata atumie mafuta mazuri ya alizeti yasiyo na harufu, kijiko kimoja tu. Ladha itapungua, uzito hautaathirika. Kuhusu majani, Wagiriki wengi hutia jani moja lenye umbo la manyoya membamba, la ukoo mmoja na karoti na giligilani, ambalo wao huliita anithos. Masokoni kwetu halipatikani kwa urahisi. Lakini usifikiri kwamba kukosa jani hilo ni kukosa kitoweo, kwa maana Wagiriki wenyewe hawakubaliani: wako wasiotia jani lolote, na kisiwani Cyprus, ambako kitoweo hiki huitwa talatouri, hutiwa nanaa. Nanaa tunayo. Majani kumi yaliyokatwa membamba yanatosha. Barua haikusema kama marehemu alitia jani, na ingekuwa vema kumwuliza mama kabla ya kununua.

Kuchanganya ni kazi ya dakika moja. Kwanza mtindi na lahamu ya kitunguu saumu pamoja na siki yake. Halafu mafuta, kidogo kidogo, ukikoroga. Mwisho tango na nanaa. Chumvi usiongeze kabla ya kuonja, kwani tango limekuja na yake. Kifunike na ukiweke mahali pa baridi kwa saa moja au mbili. Kikila muda huo, harufu ya kitunguu na ubaridi wa tango huingiana, na ndipo kinakuwa chakula kimoja. Kwenye jokofu kitakaa siku mbili au tatu, kila siku kikitoa maji kidogo juu ambayo unaweza kuyamwaga au kuyakoroga. Pasipo jokofu kiliwe siku hiyo hiyo.

Nilipokipeleka tena ofisini, katika kopo lenye kifuniko, mwenzangu wa michezo alikichovya kwa kipande cha chapati, akatazama kijiko kilichosimama katikati, akauliza kile kinywaji cha zamani kilikwenda wapi. Tulikila kwa mishkaki ya mtaa wa pili, na kwa saa zilizobaki za siku hiyo hapana mtu wa dawati jingine aliyetukaribia.

Yamebaki maneno machache kwa dada yetu wa Tanga peke yake, ingawa wengine wenye wazee nyumbani wanaweza kuyasikiliza.

Kwa kuwa mama hana meno, menya tango lote, ondoa mbegu zote, na tumia upande wa matundu madogo ya kibati. Kama daktari amemkataza chumvi kwa ajili ya shinikizo la damu, usitie chumvi kabisa kwenye tango. Likwaruze tu na ulikamue mara tatu, utapoteza muda zaidi lakini maji yatatoka. Kitunguu saumu kiwe punje moja, tena nusu, kwani tumbo la mzee hukasirika upesi. Mishkaki hataiweza. Mpe kwa muhogo uliochemshwa mpaka ukafumuka, au kiazi kitamu, ukiuponda kidogo kwa nyuma ya uma. Mwanzoni umpe vijiko viwili tu katika kisahani, usimjazie bakuli. Mtu asiye na hamu ya kula akiona bakuli limejaa hushiba kwa macho.

Wala usimweleze kwamba umebadilisha namna ya kutengeneza. Mwekee tu. Kama ladha siyo, atakushukuru kama alivyokushukuru siku zote, nawe utajua. Kama ndiyo, sitaki kubuni atakachosema. Utuandikie.

Lakini lazima uanze usiku wa kuamkia siku hiyo, baada ya kula, wakati nyumba imetulia na mama amekwisha lala au yuko macho kitandani kwake. Kitambaa kiwe safi, bakuli liwe la bati ili sauti isikike. Na lile chujio la chai ulitafutie mahali pengine kwa usiku mmoja.